Nilimjengea Mama Mkwe Bafu, Nyumba Ikapata Mnunuzi

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi mvua, mchana jua, na jioni hii ziwa limetulia kama mtu aliyekula akashiba. Mimi sijala. Sufuria ya maharage iko mezani imefunikwa, na hakuna aliyeifunua.

Nyumba imeuzwa.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niitazame vizuri. Imeuzwa leo, tulipotoka tu kufyeka kingo za barabara na majirani. Mnunuzi aliwapa mkono wote waliokuwa sebuleni, na mimi pia. Mkono wake ulikuwa umelowa maji. Maji yenyewe yalikuwa yetu. Nitaeleza, lakini acha nianze mbali kidogo, maana nikianzia hapo nitalia, na kuna wageni ndani.

Mimi ni mjane. Mume wangu Désiré alikufa kwa ugonjwa wa ini tukiwa hatujapata mtoto, nami nikabaki na mama yake, ndani ya nyumba ya mama yake, hapa Gisenyi, juu kidogo ya barabara inayoshuka mpakani. Watu walingoja nirudi kwetu Kanama. Walingoja, wakachoka, wakatafuta mambo mengine ya kungojea. Kazi yangu ni nyanya na vitunguu: asubuhi navivusha kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, alasiri narudi na beseni tupu na habari za bei.

Mama mkwe wangu watu wanamwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake wa kwanza, Furaha, anayefanya kazi ofisini Kigali. Mimi namwita Mama. Yeye ananiita Mukazana, yaani mke wa mwana, na mwana mwenyewe hayupo.

Tumeishi hivyo. Wawili, redio moja, na ugomvi mdogo wa kila siku kuhusu chumvi.

Nyumba yetu ni ya mawe meusi ya volkano, kama nyumba nyingi za zamani za hapa. Ilikuwa na robine moja ya maji uani na choo cha nje, nyuma ya migomba. Na maji ya bomba, kwa asiyetujua, ni mgeni wa heshima: hayasemi yatakuja saa ngapi wala yataondoka lini. Ndiyo maana kila nyumba hapa ina desturi moja. Maji yakikatika, hufungi robine. Unaifungua mpaka mwisho, unaweka beseni chini yake, halafu unaendelea na maisha yako. Yakirudi, beseni litakuita. Mtoto wa hapa hujifunza hilo kabla hajajifunza kusali. Ukimwona mtu anafunga robine kavu, muulize kwa upole ametoka wapi.

Mvua za mwanzo zilipoanza, Mama aliteleza njiani kwenda chooni. Yale mawe yetu yakishika ukungu wa kijani yanashinda sabuni. Nyonga haikuvunjika, lakini iliapa haitamsamehe. Tangu siku ile anatembea na fimbo, na usiku alikuwa anaogopa kutoka. Akaanza kupunguza kunywa chai ya jioni ili asitoke. Hilo la chai ndilo lililoniuma. Mwanamke aliyevuka mpaka huu enzi za vita na watoto mgongoni, sasa anaogopa kikombe.

Furaha alipopata habari akapiga simu. Furaha si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kuandika. Alilia kwenye simu, halafu akasema, "Mama hawezi kuendelea kukaa nyumba yenye choo cha nje. Nitamchukua."

Nyumba ya Furaha kule Kigali ina vyoo vitatu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuchukuliwa mama kwa sababu ya idadi ya vyoo.

Kisheria simdai mtu yeyote kitu. Mume akifa, mke ana majina: mjane, marehemu fulani alikuwa mume wake, na kadhalika. Lakini hakuna karatasi duniani inayosema mama mkwe ni wa mkwe. Ukimpoteza, hakuna hata ofisi ya kwenda kupiga foleni.

Basi nikafikiri kama mwuza nyanya. Mteja akilalamikia nyanya, usigombane naye. Badilisha nyanya. Kama tatizo ni choo cha nje, choo kitaingia ndani. Sababu ikiondoka, safari nayo itaondoka. Nilijiona mjanja sana. Nawaambia, nilikuwa natembea barabarani nikitabasamu peke yangu.

Zamu yangu kwenye kikundi chetu cha kuwekeza ilipofika, wenzangu walidhani nitanunua pikipiki ya kuvushia mizigo. Nilinunua choo.

Mambo ya mabomba nilijifunza kwenye simu, nikitazama watu wa nchi za mbali ambao lugha zao sizijui hata salamu. Haikuhitaji lugha. Maji machafu yanataka kushuka, maji safi yanataka kupanda, na tiyo ya choo, yaani bomba lake, inataka kupumua kupitia paa, vinginevyo itapumulia sebuleni. Hayo matatu ukiyashika, yaliyobaki ni gundi.

Fundi nilimtoa Goma. Anaitwa Kizito, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alipiga ile tiyo yetu ya zamani kwa nyundo, ikatoa vumbi jekundu. Akanigeukia kwa huzuni ya daktari.

"Mama, hii haiko tiyo. Iko histoire ya tiyo."

"Haitengenezeki?"

"Bon, unaweza kutengeneza maiti? Tunatoa yote, tunazika, tunaweka ya plastiki ya kuunga na moto. Hiyo haikamatake kutu mpaka Yesu anarudia."

Tukatoa yote, tukazika.

Shimo la choo ndilo lililotunyoosha. Hapa ukichimba kidogo tu unakutana na amakoro, lile jiwe lililotemwa na mlima, na haliondoki kwa jembe, linaondoka kwa mtaimbo na matusi. Kizito alisema mlima ulitapika makusudi ili mafundi wa Gisenyi wasikose kazi. Siku nyingine nilirudi kutoka Goma nikamkuta amelala ndani ya shimo, kofia usoni. Mama amekaa ukingoni kwenye kiti chake, fimbo mapajani, anamlinda kama askari.

"Nyamaza," akaniambia. "Mutu wa watu amechoka. Hii jiwe inamushinda, hata kama anasema haimushinde."

Walipatana sana, wale wawili. Kila siku Mama alihamisha kiti kumfuata Kizito alipo, akimuuliza hiki ni nini na kile kinakwenda wapi. Nilifikiri ni upweke tu.

Bafu lilihitaji chumba. Chumba kilichokuwepo ni kile kidogo cha pembeni ambamo nilikuwa nimeweka vitu vya Désiré: mashati yake, viatu, sanduku la gitaa lisilo na gitaa. Niliviangalia asubuhi nzima. Halafu nikavitoa, nikavigawa, nikabakiza shati moja.

Nilitoa nguo za mume wangu ili choo cha mama yake kipate pa kukaa. Mtu akiuliza nilimpenda vipi yule mwanamke, apimie hapo.

Tukaweka choo cha kukaa, na kando yake chuma cha kushikilia. Tukaweka dushi ya kuogea isiyo na kizingiti, sakafu ikiinama kidogo kuelekea kitundu cha maji, ili asilazimike kunyanyua mguu. Chombo cha kupashia maji moto. Lavabo ya kunawia mikono. Sinki jikoni. Mifereji mipya ya paa ya kuteka mvua, na tanki kubwa jeusi juu ya mawe, nyuma ya nyumba, lenye vane chini yake, ile funguo nyekundu inayoruhusu maji ya nyumba nzima au kuyazuia. Maji ya mjini yakikatika, tanki linaendelea. Jirani zangu walikuja kuangalia kama wanakuja kuona mtoto mchanga.

Mama peke yake ndiye hakufurahi mwanzoni.

"Choo mu nyumba? Mukazana, tukule hapa, na tunye hapa hapa? Tuko kuku?"

Nikamwambia Furaha ana vyoo vitatu ndani. Akahesabu kitu kichwani, kisha akasema, "Njo maana amekonda."

Halafu ikafika siku ya kwanza ya maji moto. Zamani alikuwa ananiomba nimpeleke Nyamyumba, kwenye chemchemi za moto ziwani, akaloweke nyonga. Ilibidi apande pikipiki, na kila shimo la barabara lilimrudishia maumivu aliyokwenda kuyaacha. Siku ile nilimkalisha kwenye kigoda chini ya dushi, nikafungua. Alishtuka. Halafu akafumba macho. Maji yakamshuka usoni mpaka nikaogopa.

"Mama?"

"Wacha. Kumbe matajiri banajifichaka humu."

Tangu hapo nimemwogesha kila jioni. Yeye anasimulia, mimi nasugua. Nimejua mambo ya Désiré ambayo Désiré mwenyewe hakuniambia. Kwamba alikuwa anaogopa bata. Kwamba siku alipokwenda kuniposa alirudi nyumbani akalala na viatu. Mama alikunywa chai yake ya jioni tena, vikombe vikubwa, bila hofu. Sijawahi kufanya jambo lililofanikiwa hivi maishani mwangu.

Ningejua, ningefanya vibaya kidogo.

Furaha alikuja kutuona. Nilimngoja kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Aliingia bafuni, akakaa mle, nikasikia anavuta maji, anafungua, anafunga. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akanikumbatia mlangoni.

"Wifi yangu, Mungu akubariki. Hii nyumba sasa ni ingine kabisa."

Nikajua nimeshinda. Nilipika samaki siku hiyo. Nilipokuwa jikoni nilimwona akipiga picha kwa simu: dushi, tanki, sinki, mifereji. Nikadhani ni za kumbukumbu. Nilisogeza hata ndoo ili picha itoke vizuri.

Wiki haikuisha, akaja komisioneri, dalali wa nyumba.

Mnawajua komisioneri. Viatu vyenye ncha, simu mbili, na anakuita mama hata kama umri wenu ni mmoja. Alizunguka nyumba akiguna kwa furaha, kisha akatusomea somo. Akasema nyumba yenye choo cha nje, hapa mjini, mnunuzi hanunui nyumba, ananunua kiwanja, na kuta anazihesabu kama kifusi cha kuondoa. Lakini choo kikiwa ndani, na maji moto yapo, na tanki lipo, na tiyo ni mpya ukutani, na sakafu ya bafu haivuji, basi hiyo ni nyumba, na bei yake inatoka kwenye daraja moja inakwenda kwenye daraja lingine. "Watu wanapaka rangi," akasema. "Rangi ni ya macho. Mnunuzi mwenye akili anafungua robine." Alikuwa anataja kwa vidole vyake kila kitu nilichokifanya kwa mapenzi, na kila kidole kilikuwa na bei.

Akanigeukia. "Nani alikupa hii idée, mama? Umefanya investissement nzuri sana."

Nikairudisha ndoo mahali pake. Ungejibu nini? Kwamba nilikuwa nazuia safari, na kumbe nilikuwa nalipia nauli?

Furaha alinieleza jioni, taratibu, akinishika mkono. Kwamba hata choo kikiwa ndani, Mama anazeeka, na yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kwamba zamani wasingeweza kuuza kwa sababu bei isingetosha kitu, lakini sasa inatosha. Kwamba Mama amekubali. Hapo nikamtazama Mama. Mama alikuwa anaitazama redio.

Sasa leo.

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana hii ni shajara, si barua ya kuomba kazi. Leo asubuhi, kabla sijachukua panga kwenda umuganda, nilipita nyuma ya nyumba nikafunga ile vane nyekundu. Nilifungua robine ya uani mpaka tiyo zikakauka, nikaifunga tena, nikaenda kufyeka nyasi na wenzangu nikiimba. Komisioneri mwenyewe alisema mnunuzi mwenye akili anafungua robine. Basi afungue.

Mnunuzi ni Hadji mmoja anayeuza saruji, mwenyeji wa hapa hapa, alikulia mtaa wa chini. Alikuja na mkewe, Mama Salma, mwanamke mwenye macho ya kuangalia pembe za dari. Waliingia bafuni. Hadji akafungua lavabo.

Ikatoa pumzi tu.

Akafungua dushi. Akaenda jikoni akafungua sinki. Akatoka uani, mahali alipokuwa amekwisha kupasifu kwamba panafaa kwa udhu, akafungua robine ya uani. Kavu. Robine nne, zote kama koo la mtu aliyefunga.

"Sasa hii tanki ni ya kazi gani?" Mama Salma akauliza. "Ya kivuli?"

Komisioneri alikuwa anatoka jasho kwenye kola. Furaha alinitazama. Nilivaa uso wangu wa mpakani, ule ninaoutumia nikiulizwa kuna nini chini ya nyanya, nikasema, "Labda kuna kitu kimeziba. Mafundi wa siku hizi, munawajua." Kizito, popote ulipo, nisamehe.

Hadji hakukasirika. Watu wa hapa hatukasirikii robine kavu. Alicheka, akasema ni kama kwake tu, wakakaa sebuleni na Fanta zao, wakaanza zile heshima za watu wanaotafuta njia ya kuondoka: mvua imekuwa nyingi, viazi vya Mudende vimekuwa vidogo, watoto wa siku hizi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti nikiomba Mungu anisamehe baadaye, si sasa.

Mama akasimama. "Naenda kuona migomba yangu," akasema. Hakuna aliyemzuia. Mzee anayeuza nyumba ana haki ya kuaga migomba.

Nilisikia fimbo yake kwenye mawe ya nyuma. Tok. Tok. Halafu ikanyamaza, lakini migomba iko mbele zaidi ya pale iliponyamaza. Nikasimama nusu, nikakaa. Mbele ya wageni unakimbilia wapi?

Kwanza nyumba ilikohoa ndani ya ukuta.

Halafu mnakumbuka Hadji ni mtu wa Gisenyi. Mkono wa mtu wa Gisenyi haufungi robine kavu. Alikuwa amezifungua zote nne mpaka mwisho na kuziacha wazi, bila kufikiri, kama mimi ningefanya, kama wewe ungefanya. Lavabo ikaanza. Dushi ikafuata. Sinki jikoni ikagonga sufuria, na huko uani beseni likaanza kuita. Nyumba nzima ikapiga kelele ya maji kwa pamoja, kama kwaya iliyokuwa imebanwa pumzi.

Hadji aliacha Fanta yake akakimbia. Mtu mzima, mwenye kanzu, alikimbia kwenye korido yetu. "Mama Salma! Njoo uone pression ya maji! Mashallah, njoo uone!" Akawa anatoka bafuni anaingia jikoni, anacheka, anaweka mkono chini ya kila moja. Dushi ilikuwa imeanza kutoa mvuke. Mama Salma mwenyewe alinyoosha vidole chini ya maji, na pembe za dari hakuziangalia tena.

Ningekuwa nimeajiriwa kuiuza nyumba hii, nisingeweza kupanga onyesho zuri kama lile.

Walipatana pale pale. Ndipo akatupa mkono, umelowa mpaka kiwiko.

Mama aliingia polepole, tope kwenye viatu, pindo la kitenge limelowa. Akakaa. Lakini kabla watu hawajatawanyika akagonga fimbo sakafuni, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi ya Désiré:

"Mbele ya Hadji, na mbele ya ule muchuuzi wa manyumba. Mimi bado niko na mudomo. Fungu ya Désiré ni ya mukazana. Ni umunani wake. Furaha, umesikia?"

Umunani ni kile mzazi anachomgawia mtoto wake akiwa bado hai, ili akifa watu wasije wakapigana juu ya kaburi. Ni cha mtoto. Furaha akasema, "Nimesikia, Mama," na nadhani alisema kwa moyo.

Watu wote walinitazama, wakingoja nifurahi.

Jioni nilimwogesha kama kawaida. Nilianzia miguuni, nikapanda mpaka mabegani.

"Ulizani siyui fasi vane iko?" akasema. "Ni mi njo nilikuwa naikala na Kizito siku yote."

"Kwa nini, Mama?"

"Juu yako."

"Juu yangu unauza?"

"Sikiliza. Nikikufia humu, batakuya watu, watoto ya ba shemeji yangu, bakuulize weye ni nani mu hii nyumba. Nani atajibu? Mi nitakuwa chini. Leo najibu mi mwenyewe." Akafuta maji usoni. "Na weye ungali kijana. Unakaa hapa unasugua mugongo ya bibi kizee. Hiyo haiko kazi ya maisha."

Nikamwambia sitaki fungu. Nikamwambia mimi nilitaka yeye. Sijui kama nilisema kwa sauti au maji yalinifunika, lakini alisikia, maana alinishika kidole gumba akakibana.

"Mi siko kitu ya kugawa," akasema.

Ndiyo hivyo. Anajua ninavyompenda, na bado anakwenda. Ningekuwa nimeibiwa ningepiga kelele. Hakuna aliyeniibia. Nimepewa haki yangu yote mbele ya mashahidi, na sijawahi kuwa maskini kama jioni hii.

Nina hasira naye. Naiandika pia hiyo. Nina hasira na mwanamke mwenye fimbo, aliyepita juu ya mawe yanayomtisha, kwa ajili yangu, ili kunipa kitu nisichokitaka. Siku moja nitashukuru, watu wananiambia. Siku hiyo ikija, itanikuta mahali pengine, na atakuwa amekwisha kuzoea chumvi ya Furaha.

Wanaondoka Jumatano.

Muda mfupi kabla sijaanza kuandika, Furaha aliingia jikoni akasimama karibu na sufuria ambayo hakuna anayeifunua. Alikuwa anaona aibu. Akasema, "Wifi, kesho utanionyesha unavyomwogesha? Sijawahi. Ananiogopa mimi nikimshika."

Nikamwambia ndiyo. Halafu nikabaki nikihesabu ninayoyajua. Kwamba maji yaanzie miguuni, kwa sababu yakianzia kichwani anapoteza pumzi. Kwamba upande wa nyonga mbovu haunyanyuliwi, unazungukwa. Kwamba akisema maji ni moto sana si kweli, anataka uyachezee uyapoze, ili mkae kidogo zaidi. Na kwamba chini ya bega la kushoto kuna mahali ambapo ukikandamiza kwa ngumi, polepole, anaacha kusema katikati ya neno na usingizi unamjia pale pale kwenye kigoda. Hilo hakuna anayelijua. Daktari halijui. Nililigundua mwenyewe.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo nikijiuliza kama nibaki nalo. Kitu kimoja tu. Ili kule Kigali, kwenye vyoo vitatu, usiku fulani ashindwe kulala, aseme, "Mukazana angejua."

Angeniita. Najua angeniita.

Lakini atakuwa hajalala, na bega litakuwa linamuuma.

Kesho nitamwita Furaha aje karibu, nitaushika mkono wake, nitaukunja ngumi, nitauweka pale.